Altrasaundi na saratani: maswali ninayoulizwa Nairobi

Kazi yangu ni mawimbi ya sauti. Nusu ya wiki natafuta jinsi ya kuuona uvimbe vizuri zaidi kwa altrasaundi; nusu iliyobaki natafuta jinsi ya kuuchoma kwa sauti hiyohiyo. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye mikutano ya akina mama kanisani, na mara moja na makanga wa matatu ya Kayole aliyeniona nimepakata ndoo ya maini. Nimeyaacha karibu yalivyoulizwa. Shahada yangu ni ya fizikia ya tiba, kwa hiyo ukiniita daktari nitaitika, lakini dawa siandiki.

Si altrasaundi ni ya wajawazito?

Wengi wetu tuliijulia huko: mama anaenda kliniki, anarudi na karatasi ya picha ya kijivu, nyumba nzima inabishana pua ni ipi. Lakini makala iliyoifungulia njia, mwaka 1958, kichwa chake kilitaja uvimbe wa tumboni. Waandishi walikuwa Ian Donald, profesa wa ukunga wa Glasgow, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown. Miaka mitatu kabla ya hapo Donald alipakia kwenye gari uvimbe uliotolewa kwa upasuaji, akaupeleka kwenye kiwanda cha maboila ambako mafundi walitumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kiwanda kikampa na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Baadaye akaletewa mwanamke aliyekwisha kuambiwa kwamba ana saratani ya tumbo isiyofaa kupasuliwa. Mashine ikaonyesha mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari. Ukatolewa, akapona.

Hiyo sauti mbona siisikii?

Kwa sababu sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Altrasaundi ya hospitali hutetema mara milioni 2 hadi milioni 15 hivi. Ndani ya kile kifaa kinachopitishwa tumboni mna vipande vya kauri maalumu: ukivipa umeme vinatetemeka, na vikitetemeshwa vinatoa umeme. Tabia hiyo iligunduliwa na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Kwa hiyo kifaa kilekile kinapaza sauti, kinanyamaza, kisha kinasikiliza mwangwi. Sauti husafiri katika nyama laini kama mita 1,540 kwa sekunde, na mashine hupiga hesabu: mwangwi umechelewa kiasi gani, basi kilichourudisha kiko kina gani.

Ukipandisha idadi ya mitetemo, picha inakuwa safi zaidi lakini sauti inachoka haraka. Ndiyo maana titi, lililo karibu na ngozi, hupimwa kwa sauti ya juu, na ini la mtu mnene kwa sauti ya chini, huku fundi akikubali picha yenye ukungu kidogo.

Na ile jeli baridi?

Inaondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Hewa hurudisha karibu sauti yote, hata utando mwembamba sana. Ni maji yaliyofanywa mazito, haina dawa ndani.

Skani ilionyesha uvimbe kwenye titi, halafu daktari akaniandikia biopsi, kutolewa kipande cha uvimbe kikapimwe maabara. Kwani skani haikutosha?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huwa naona hasira ndani yake, kwa sababu mtu ameshalipa mara moja na sasa anaambiwa alipe tena. Nitalijibu kwa urefu.

Picha ya altrasaundi inaonyesha umbo na mwangwi. Haionyeshi seli. Mfuko wa maji huonekana mweusi tititi, kingo zake laini, na nyuma yake pana mwanga zaidi kwa kuwa maji hayakuipunguzia sauti nguvu. Uvimbe wa kawaida wa wasichana, ule unaoteleza chini ya kidole, mara nyingi ni laini pembeni na umelala, yaani mpana kuliko kimo chake. Unaotia shaka una kingo zilizochongoka, umesimama badala ya kulala, na pengine unaacha kivuli nyuma yake. Msomaji wa picha huyapima haya yote pamoja. Lakini kuna saratani zinazojificha katika umbo la upole, na kuna makovu na maambukizi yanayojifanya saratani. Kifua kikuu cha titi kipo, na kimewahi kuwababaisha watu wenye uzoefu.

Angalia ripoti yako, tafuta neno BI-RADS na namba iliyo mbele yake. Namba 2 maana yake uvimbe si wa hatari. Namba 3: karibu hakika si saratani, uwezekano hauzidi asilimia 2, urudi kupimwa baada ya miezi kadhaa. Namba 4: shaka ipo, lazima nyama ichukuliwe. Namba 5: uwezekano wa saratani ni asilimia 95 au zaidi. Namba 6 ni ya aliyekwisha kuthibitishwa. Namba 0 haimaanishi kwamba huna kitu; inamaanisha picha haijakamilika, wanataka nyingine. Nimekutana na mama aliyekaa nyumbani miezi minne akishukuru Mungu kwa hiyo sifuri.

Hata kwenye namba 5 biopsi haiepukiki. Daktari wa saratani anahitaji kujua uvimbe ni wa aina gani, kama unalishwa na homoni, kama una ile protini ya HER2, kwa kuwa dawa inachaguliwa kwa hayo. Skani inaonyesha mahali ulipo. Jina lake linatoka maabara ya patholojia.

Nasikia sindano ya biopsi ikiugusa uvimbe, saratani inatawanyika mwili mzima.

Nimelisikia hili sokoni Gikomba, nimelisikia kwa matajiri wa Karen. Linatokana na jambo la kweli lililosomwa kinyume: mtu anachelewa mwaka mzima, anafanyiwa biopsi, anafariki miezi michache baadaye, na lawama inaangukia sindano. Kwenye titi, seli kuachwa kwenye njia ya sindano hadi zikaota uvimbe mpya ni jambo la nadra mno. Ini ndilo lina utaratibu wake: kama mgonjwa ana ini lililokakamaa na picha ya CT (ya eksirei) au MRI (ya sumaku), iliyopigwa kwa dawa ya mshipani, inaonyesha alama zote za saratani ya ini, madaktari wanaweza kuamua bila kuchoma sindano. Uamuzi huo ni wao, haufanywi kwenye benchi la kungojea.

Sindano yenyewe siku hizi huongozwa na altrasaundi. Daktari anaiona ikiingia kwenye skrini kama mstari mweupe. Unapigwa ganzi, unasikia mlio kama wa stepla, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kati ya mamogramu na altrasaundi, ipi ni bora?

Zinajibu maswali tofauti. Mamogramu, yaani eksirei ya titi, huona chembe ndogondogo za chokaa ambazo altrasaundi huzipita bila kuziona. Altrasaundi nayo hutenganisha uvimbe wa maji na wa nyama, na hufanya kazi vizuri kwa matiti yaliyoshikamana, ambayo kwenye mamogramu huonekana meupe pe kama maziwa. Msichana wa miaka chini ya 30 mwenye uvimbe huanza na altrasaundi.

Nikipigwa skani ya mwili mzima nitajua kama nina saratani popote?

Hapana, na tangazo linalokuahidi hivyo linakuuzia usingizi mtamu. Mapafu yamejaa hewa, sauti inarudi mlangoni. Utumbo una gesi. Mfupa unaikataa. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Saratani ya umio, ambayo hapa Kenya ni ya kawaida, haionekani kwa kifaa cha tumboni. Hutafutwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na kuna zile zenye kijichombo cha altrasaundi kwenye ncha kinachoonyesha uvimbe umezama kina gani. Saratani ya mlango wa kizazi hutafutwa kwa kipimo cha virusi vya HPV au kwa kupaka siki na kuangalia. Ukienda skani ya tumbo ukaambiwa kila kitu kiko sawa, mlango wa kizazi haukupimwa.

Mahali ambapo skani ya mara kwa mara ina maana ni kwa mtu mwenye ini lililokakamaa na baadhi ya wenye homa ya ini ya aina B. Hao hupimwa ini kila miezi sita.

Rangi nyekundu na bluu kwenye skrini ni damu safi na damu chafu?

La. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Ukigeuza kifaa rangi zinabadilishana. Sisi zinatusaidia kwa sababu uvimbe unaokua hujichimbia mishipa yake, nayo huwa imepindapinda ovyo.

Kuna mashine inayopima ugumu wa uvimbe. Inabonyeza?

Ukienda kununua parachichi hulitazami tu, unalibonyeza, mpaka mama mboga akugombeze. Daktari anayepapasa titi anafanya hivyohivyo, maana saratani nyingi ni ngumu kuliko nyama inayozizunguka. Jonathan Ophir na wenzake huko Houston walionyesha mwaka 1991 jinsi ya kuupata ugumu huo kwa altrasaundi: piga picha, bonyeza kidogo, piga tena, linganisha kilichosogea na kilichokataa kusogea. Njia ya kisasa haitegemei mkono. Mashine inasukuma nyama kwa mpigo wa sauti, halafu inafuatilia wimbi dogo linalotambaa kando. Kwenye nyama ngumu wimbi hilo hukimbia zaidi.

Inaitwa elastografia. Kwa ini imekwisha kuzoeleka, inampunguzia mgonjwa sindano. Kwa titi ni msaidizi tu. Mimi ninaifanyia kazi na bado nisingeiruhusu ifute biopsi ya dada yangu.

Sasa sauti inachomaje? Mbona nikipigwa skani siungui?

Kwa sababu ya nguvu, na kwa sababu ya kukusanywa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imeweka kikomo cha miliwati 720 kwa sentimita mraba kwa mashine za picha. Kwenye kitovu cha mashine ya kuchoma tunazungumzia wati 1,000 na kupita kwa eneo hilohilo, yaani zaidi ya mara elfu moja.

Kukusanya ndiko kwenye ufundi. Fikiria kwaya imetapakaa Uhuru Park nzima, na msikilizaji mmoja ameketi katikati. Ukitaka sauti zote zimfikie kwa pamoja, walio mbali waanze kuimba kwanza, walio karibu wangoje kidogo. Aliyesimama kando anasikia kelele ya kawaida. Yule mmoja anatetemeka kifua. Kifaa chetu kina mamia ya vipande vya kauri na kompyuta inayoamua kila kimoja kianze lini. Ngozini nguvu imetawanyika, hakuna kinachoungua. Kwenye kitovu, eneo lenye ukubwa wa punje ya mchele, joto linapanda hadi nyuzi 60 au zaidi kwa sekunde chache. Protini za seli zinaganda. Zikishaganda hazirudi nyuma, kama yai lililochemshwa.

Tuna kipimo cha kujua kama nyama imekufa. Kwa joto la nyuzi 43, nyama nyingi huhitaji dakika 240. Kila ukipandisha nyuzi moja, muda unakatwa nusu. Fanya hesabu hadi nyuzi 56: inabaki chini ya sekunde mbili.

Wazo si jipya. John Lynn na wenzake walilijaribu New York mwaka 1942, na ndugu William na Francis Fry wa Illinois walilipeleka mbali katika miaka ya 1950. Kilichokosekana kilikuwa macho. Unachoma gizani, ndani ya mtu aliye hai, utajuaje umechoma nini? Kazi ilisonga watu kama Kullervo Hynynen walipoiunganisha na MRI, ambayo huonyesha uvimbe na pia husoma joto lake papo kwa papo bila kumgusa mgonjwa.

Ile ndoo ya maini ilikuwa ya nini?

Ilikuwa ya kuchoma, ila si ya kula. Kabla ya sauti kumkaribia mtu inachomwa kwanza kwenye kitu kinachofanana naye. Tunaanza na jeli iliyochanganywa na ute wa yai. Ni angavu kama kioo. Sauti ikiipasha joto la kutosha, palepale panazuka doa jeupe, na unaona kwa macho yako lilivyo, linaanzia wapi, limeinama upande gani. Mwanafunzi akiliona kwa mara ya kwanza huwa anapiga kelele. Hata mimi nilipiga.

Kisha tunakwenda kwenye ini. Nalinunua soko la Burma asubuhi mapema, na muuzaji wangu anajua nataka lisilochanwa na lisilokaa kwenye friji. Tunalitumbukiza kwenye maji ya chumvi, tunavuta hewa yote kwa pampu, tunalichoma, tunalikata. Panapoungua panakuwa pamepauka, na tunapima kwa rula.

Hewa ndiyo adui wetu mkubwa. Maji ya mfereji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, na sauti kali ikipita, hewa hiyo inatoka kama viputo vinavyoziba njia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika matokeo ya wiki tatu nikidhani kifaa kimeharibika, kumbe nilikuwa naharakisha ile saa ya kuyatoa maji hewa ili niwahi matatu kabla nauli haijapanda. Wiki tatu za maini, ute wa mayai na usiku usio na usingizi, zote kwenye pipa. Stima ikipotea katikati ya jaribio ni hivyohivyo, ini linaoza na unaanza upya kesho, ila hapo angalau una wa kumlaumu.

Kuna video ya WhatsApp inasema uvimbe wa ini unayeyushwa bila kisu wala mionzi. Ni kweli?

Ni kweli, na video imeikata hadithi katikati.

Hiyo inaitwa histotripsi. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kazi ya Charles Cain, Zhen Xu na wenzao. Haichomi. Inapiga mipigo mifupi mno yenye nguvu mno, kiasi kwamba ndani ya nyama panalipuka wingu la viputo vinavyotanuka na kuporomoka. Seli zinararuliwa hadi kuwa kama uji, na mwili unaunyonya uji huo kwa wiki na miezi. Inanivutia kuliko kuchoma, kwa sababu mishipa mikubwa na njia za nyongo, zenye nyuzi ngumu, huvumilia vizuri kuliko seli za uvimbe, na kwa sababu viputo vinaonekana kwenye altrasaundi ya kawaida. Huhitaji MRI kujua unapiga wapi.

Mwezi Oktoba 2023 FDA iliiruhusu kwa uvimbe wa ini. Majaribio yaliyotegemewa yalikuwa na wagonjwa 44, Marekani na Ulaya. Uvimbe uliolengwa ulivunjwa kama ilivyopangwa kwa asilimia 95, na madhara makubwa yaliwapata asilimia 7. Sasa soma vizuri: walichopima ni kama mahali palipolengwa palivunjwa, na kama mgonjwa alitoka salama. Kuishi miaka mingapi zaidi ni swali jingine. Nayo ilikuwa kwa uvimbe mchache na mdogo, si ini lililojaa.

Ni saratani zipi zinazotibiwa kwa sauti leo?

FDA iliruhusu mwaka 2012 kuchoma maumivu ya saratani iliyohamia mifupani, na mwaka 2015 kuchoma tezi dume. Ini nimelitaja. Nchini China wamekuwa wakitibu aina kadhaa, ikiwemo ya kongosho na ya mifupa, tangu miaka ya 1990. Faibroidi za mfuko wa uzazi zilitangulia zote hizi Marekani, mwaka 2004, lakini faibroidi si saratani, tafadhali.

Hiyo ya mifupa inastahili maneno zaidi. Mfupa unameza sauti, joto linakusanyika juu yake, na utando wenye neva zinazopeleka maumivu unaungua. Katika jaribio moja la wagonjwa 147 ambao mionzi haikuwasaidia au haikuwafaa, asilimia 64 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 20 kwa waliolazwa kwenye mashine isiyowashwa. Saratani haikuondoka. Usingizi ulirudi, na mtu aliyewahi kumuuguza baba yake anajua thamani yake.

Upande wa ubongo, mwaka 2015 hospitali ya Sunnybrook huko Toronto ilitumia sauti na viputo vidogo kuliko chembe ya damu kufungua kwa muda ukuta unaozuia dawa kuingia kwenye ubongo. Hilo bado ni la majaribio.

Nikitibiwa kwa sauti naweza kuacha kimo, yaani dawa za kemotherapi?

Hapana. Sauti inatibu mahali palipolengwa. Kimo huzunguka mwili mzima kutafuta seli zilizokwisha kuhama. Kama saratani yako imehama, kuchoma uvimbe mmoja ni kufukuza nyani mmoja shambani.

Inauma?

Inaweza. Kutegemea kiungo, unapewa dawa ya kutuliza au ya usingizi kabisa, kwa sababu pia hutakiwi kusogea. Kwa ini, hata pumzi hupangwa. Madhara yapo: ngozi kuungua, neva iliyo jirani kuumia, homa. Kwa tezi dume, shida ya mkojo na ya nguvu za kiume. Atakayekwambia haina madhara yoyote hajawahi kuona mgonjwa wa pili.

Saluni moja mtaani kwetu wanatangaza "haifu". Ni hiyohiyo?

Jina ni hilohilo, HIFU, kifupi cha Kiingereza cha sauti kali iliyokusanywa. Ile ya uso huishia milimita chache chini ya ngozi, kwa ajili ya kuikaza. Usipeleke uvimbe saluni. Nimeulizwa hili mara tatu, ndiyo maana naliandika.

Vipi hizi altrasaundi za kuchomeka kwenye simu?

Nazipenda. Zimempa muuguzi wa zahanati macho aliyokuwa hana. Tatizo ni kwamba altrasaundi inategemea mkono na jicho la anayeishika kuliko kipimo kingine chochote cha picha. Kuona maji tumboni mtu hufundishwa kwa wiki chache. Kusema uvimbe huu ni namba 3 au 4 huchukua miaka, na kifaa kuwa cha bei nafuu hakuipunguzi hiyo miaka.

Nianzie wapi hapa Nairobi?

Ukiwa na uvimbe, damu isiyo ya kawaida, kumeza kwa shida au kukonda bila sababu, anzia hospitali iliyo karibu nawe uombe barua ya rufaa. Za rufaa za umma ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa West. Hospitali kubwa za binafsi pia zina vitengo vya saratani. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, si ule mfuko wa zamani wa NHIF tena. Hakikisha usajili wako uko sawa kabla ya siku ya miadi, na uliza dawatini kifurushi cha saratani kinalipa nini na kinaishia wapi.

Kituo kikikwambia kina mashine ya kutibu kwa sauti, waulize: mashine imeruhusiwa kwa saratani ya kiungo gani? Nani ameisoma biopsi yangu? Kesi yangu imejadiliwa na jopo lenye mpasuaji, daktari wa kimo na wa mionzi? Mmewatibu wangapi wenye hali kama yangu? Wakikimbilia kutaja bei kabla ya kuomba kuona ripoti ya patholojia, chukua mkoba wako.

Naweza kujiunga na utafiti?

Kama upo unaokufaa. Utafiti halali hapa Kenya una kibali cha kamati ya maadili, kwa mfano ile ya pamoja ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Majaribio ya tiba hupitia pia Bodi ya Dawa na Sumu. Utasomewa fomu kwa lugha unayoielewa, utabaki na nakala, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Ukitozwa pesa ili ujaribiwe kitu, ondoka.

Kwa nini mhangaike nayo hapa? Si mngoje wakimaliza huko ng'ambo?

Makadirio ya 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yaliipa Kenya wagonjwa wapya 42,116 na vifo 27,092. Wengi huja wamechelewa, wametoka mbali, na mashine za mionzi ni chache, zinahitaji chumba chenye kuta nene za zege. Mashine ya sauti haihitaji zege. Lakini mashine iliyopimwa kwa wagonjwa wa Marekani na Ulaya wenye uvimbe mdogo haijajibu swali la mgonjwa wa Kitui mwenye uvimbe wa ukubwa wa embe. Swali hilo likijibiwa, litajibiwa karibu naye. Tena, kusema kweli, maini ya Burma ni bei nafuu.

Baba yangu ana saratani ya tezi dume, imefika mifupani. Usiku analia. Tungoje hiyo mashine ya sauti?

Usingoje, ndugu yangu. Maumivu hayo yana tiba leo. Mionzi ya siku moja tu, dozi moja, huwatuliza wengi wenye maumivu ya mfupa. Muulize daktari wake wiki hii. Mofini ya kunywa ikipimwa vizuri haimgeuzi mzee kuwa mlevi wala haimharakishii kifo. Nairobi Hospice, iliyo jirani na Hospitali ya Kenyatta, imefanya kazi hii ya kutuliza maumivu tangu 1990, na hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha kazi hiyo. Akianza ghafla kushindwa kusimama, miguu ikafa ganzi au mkojo ukagoma, hiyo ni dharura ya uti wa mgongo, mpeleke usiku huohuo. Beba ripoti zote na dawa anazotumia, na kikaratasi ulichoandika maumivu yanamzidia saa ngapi, kwa sababu akifika mbele ya daktari mzee atasema hajambo.